Mtawanyo wa wastani wa sampuli
mtawanyo wa wastani wa sampuli *nm* [u-/i-] (takwimu) Jinsi wastani zinavyopishana pale sampuli nyingi za ukubwa mmoja zinapochukuliwa katika kundi lilelile. Isichanganywe na *mtawanyo wa sampuli*, ambao ni kupishana kwa vipimo ndani ya sampuli moja.

Ufafanuzi. Tuchukue mfano wa kubuni kutoka Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi 2012. Tuseme kaya huvuna kahawa ya maganda kwa wastani wa gunia 4, na mkengeuko sanifu ni gunia 6. Mkengeuko unaouzidi wastani kwa mavuno yasiyoweza kushuka chini ya sifuri huashiria kwamba kaya nyingi hupata gunia 1 au 2, na chache hupata makumi. Kaya 36 zikiteuliwa kwa bahati nasibu, wastani wake ukatafutwa, na zoezi likarudiwa mara nyingi, wastani hizo hujikusanya kandokando ya 4 kwa umbo linalokaribia kengele. Mkengeuko wake huitwa *kosa sanifu*: 6 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 36, yaani gunia 1. Ili kosa hilo lishuke hadi nusu gunia zinahitajika kaya 144, si 72.

Kinachojikusanya ni wastani. Mavuno ya kaya moja moja hubaki yalivyo, hata sampuli ikiwa na kaya elfu. Tofauti hii ina uzito katika *butura*, biashara iliyopigwa marufuku ambayo mkulima huuza kahawa ingali mtini. Mnunuzi mwenye vibanja 36 ameshika wastani wa sampuli, na makadirio yake hayatakwenda mbali na ukweli. Mkulima ana kibanja kimoja tu, na gunia 4 za wilaya hazimwambii lolote la hakika kuhusu miti yake.

Hata hivyo, hesabu hii hudai uteuzi wa nasibu na mavuno yasiyofuatana. Kiangazi kikipiga vibanja vyote pamoja, wingi wake haumwokoi mnunuzi. Vivyo hivyo, mdadisi anayehoji kaya za kando ya barabara ya Omurushaka–Murongo pekee atapata kosa sanifu dogo na jibu lililopinda.

Istilahi. Kanuni inayoeleza umbo hilo la kengele ilichipuka kwa de Moivre mwaka 1733 na kupanuliwa na Laplace mwaka 1810. Jina lake la sasa lilitolewa na George Pólya mwaka 1920, kwa Kijerumani, naye alikusudia umuhimu wa kanuni hiyo katika nadharia ya uwezekano. Kwa hiyo *kanuni ya kikomo cha kati* ni tafsiri inayopotosha, kwa kuwa msomaji hudhani kuna kikomo kilicho katikati ya kitu. *Kanuni kuu ya kikomo* ndiyo inayofaa.

Sarufi. Kamusi huliweka neno *wastani* katika ngeli ya U bila wingi, na kwa mazungumzo ya kawaida hilo latosha. Dhana hii, hata hivyo, haielezeki bila wingi. Upatanisho wa ZI, kama katika *ukuta/kuta*, unakubalika: *wastani hizi zinakaribiana*. *Mawastani* haifai.