Lukuga ilipofunguka: maji ya polepole na maji ya usiku mmoja

Ndugu wasikilizaji wa Salamabila, na ninyi jamaa mliokimbia vita mkajenga vibanda kando ya maji, kila msimu wa mvua tunasoma redioni matangazo ya hali ya hewa. Na kila msimu kuna mtu anayeuliza: hayo ni mambo ya Kinshasa, sisi huku Kabambare yanatuhusu nini? Yanatuhusu, lakini si yote kwa namna moja. Ili kuelewa, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1874 Mwingereza mmoja, Verney Lovett Cameron, alifika pale mto Lukuga unapotoka katika ziwa Tanganyika, karibu na mji tunaouita leo Kalemie. Aliukuta umejaa majani, maji yanapita kwa shida. Wenyeji walimwambia kwamba unakwenda mpaka Lualaba. Stanley alipopita mwaka 1876 aliona mto umezibwa. Yeye alikuwa amekwisha kuona onyo huko Ujiji: michikichi mitatu aliyoiacha sokoni mwaka 1871 sasa ilikuwa imesimama ndani ya ziwa. Watu wa pwani walijua kwamba maji yanapanda mwaka kwa mwaka. Hawakuwa na mashini ya kupimia, ile miti ndiyo ilikuwa kipimo chao.

Karibu mwaka 1878 kizuizi kilivunjika. Misionari Edward Hore alipofika Lukuga mwaka 1879 alikuta maji yanakimbia kwa nguvu sana. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka karibu mita 10. Maji hayo yote yaliingia Lualaba, yakapita hapa kwetu Kasongo, zamani zile Tippu Tip angali na nguvu. Nakuomba ulikumbuke jambo hili la mto kuzibwa na kufunguka, maana nitalirudia.

Wabelgiji walipokuja walipima maji ya mto Kongo kwa ajili ya meli zao. Kwa vipimo hivyo tunajua kwamba Desemba 1961 mto ulipanda Kinshasa kuliko wakati wowote uliopimwa. Mvua za miaka ile zilijaza maziwa yote: Viktoria lilipanda zaidi ya mita 2, na Tanganyika nalo likafurika. Lakini ukiwauliza wazee wa Maniema juu ya 1961, watakueleza habari za Kindu, walipouawa wanaanga 13 wa Italia, na baadaye vita vya 1964. Maji yalisahauliwa. Vita hufanya hivyo, huchukua nafasi yote katika kumbukumbu.

Mwisho wa Desemba 2023, Régie des Voies Fluviales, wale wanaosimamia njia za mito, walionya kwamba mto unapanda. Januari 2024 maji ya Kinshasa yalifika mita 6.20, na rekodi ya 1961 ni mita 6.26. Basi onyo hilo lilikuwa la kweli. Lakini haya ni maji ya polepole. Yanakupa siku, hata majuma, ya kuhamisha mbuzi na godoro. Wanaokaa kando ya Lualaba wafuate sana matangazo ya namna hiyo.

Yanayoua huku kwetu mashariki ni maji mengine.

Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka katika njia yake ukapita ndani ya mji wa Uvira. Septemba mwaka huohuo mvua kali ilijaza mashimo ya dhahabu Kamituga, wakafa watu kama 50, wengi wao vijana wachimbaji kama hawa wetu wa Namoya. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, siku ya soko pale Nyamukubi, maji na mawe yalishuka kutoka mlimani. Nyamukubi na Bushushu, teritwari ya Kalehe, zilipoteza watu zaidi ya 400. Halafu usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025 ikawa zamu ya Kasaba, kijiji cha Fizi kando ya Tanganyika. Watu walikuwa wamelala. Viongozi wa huko walihesabu maiti zaidi ya 100. Na Fizi ni jirani yetu, tumepakana.

Angalia miezi hiyo: Aprili, Mei, Mei. Watu wanasema mvua inakwisha, kiangazi kinakaribia, kumbe ardhi imeshiba na haimezi tena.

Maji ya namna hii hayangojei tangazo litoke Kinshasa kwa Kifaransa, litafsiriwe, lisomwe saa moja jioni. Mvua inanyesha juu mlimani, wewe huku chini hujaona hata tone. Ndipo ninaporudia Lukuga. Miti na udongo vikiporomoka vinaziba kijito huko juu, kama majani yalivyoziba Lukuga, lakini hiki kinafunguka kwa saa chache tu. Kwa hiyo kijito kikipungua ghafla wakati mvua inanyesha, usifurahi, toka. Maji yakigeuka mekundu yenye vijiti na majani, toka. Ukisikia ngurumo isiyokoma kutoka upande wa mlima, waamshe watoto na mpande juu, mviache vyombo.

Najua wengine mtaniambia: tupande wapi? Mkimbizi hachagui kiwanja. Mahali pazuri pana wenyewe, anayefika usiku akiwa na mtoto mgongoni anaonyeshwa ukingo wa mto, penye mchanga ambao wenyeji hawajengi. Na kwa nini hawajengi? Babu zao waliona maji yakipita hapo. Mzee wa kijiji anayejua jambo hilo akanyamaza, huyo ameshika onyo mkononi na hakulitoa. Kabla ya Aprili, wazee waende na familia zilizohamia, wawaonyeshe kwa mguu maji ya zamani yalifika wapi.

Na ninyi mnaokaa juu, upande wa Fizi, mvua kubwa ikiwanyeshea usiku, msingoje asubuhi. Pigieni simu watu wa chini, na pale simu isipopata resoo, pigeni ngoma.