Ufunguo wa Jina na Ufunguo wa Fedha: Historia ya Utambulisho katika Mitandao ya Kijamii Iliyogatuliwa

Utangulizi

Katika mitandao ya kijamii iliyozoeleka, akaunti ya mtumiaji imo mikononi mwa kampuni: kampuni huifungua, huifunga, na huirejesha nywila inaposahauliwa. Katika mtandao uliogatuliwa kama Nostr, akaunti ni ufunguo wa kihisabati anaoutunza mtumiaji mwenyewe, wa aina ileile inayofungua pochi ya Bitcoin. Makala hii inaeleza chimbuko la ukaribu huo na kutoa hoja kwamba funguo hizo, ingawa hisabati yake ni moja, zina hatari tofauti na hazifai kutungiwa sera moja.

Chimbuko la pamoja

Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha wazo la funguo mbili zinazokwenda pamoja: wa siri na wa umma. Mwenye ufunguo wa siri hutia saini. Yeyote mwenye ule wa umma huweza kuihakiki. Programu ya PGP, iliyotolewa na Phil Zimmermann mwaka 1991, iliufikisha ufunguo kwa mtu wa kawaida kama alama ya utambulisho wake. Kwa hiyo, ufunguo ulikuwa jina kabla haujawa fedha.

Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, iliifanya saini kuwa idhini ya malipo, ikitumia mkunjo wa kihisabati uitwao secp256k1. Mwaka 2020 mtayarishaji programu ajulikanaye kama fiatjaf alianzisha Nostr kwa mkunjo huohuo, pamoja na saini za Schnorr ambazo Bitcoin ilianza kuzikubali Novemba 2021. Upo hata utaratibu unaowezesha orodha moja ya maneno ya siri kuzalisha ufunguo wa pochi na ufunguo wa akaunti.

Mahali njia zinapoachana

Hata hivyo, matumizi yamezitenganisha. Mtumiaji wa Nostr anapomtunza mwandishi kwa Bitcoin, ufunguo wa akaunti hutia saini ombi tu. Malipo hutoka katika pochi nyingine.

Utengano huo una sababu. Pochi ikishukiwa kuvuja siri, mwenyewe akiwahi huhamishia salio kwenye ufunguo mpya. Jina halihamishiki hivyo, kwa kuwa wafuasi, maandishi ya zamani na sifa vimefungamana na ufunguo wa awali. Mwizi akiupata, huendelea kusema kwa sauti ya mwenyewe, wala hakuna ofisi ya kumzuia. Isitoshe, ufunguo wa akiba hutunzwa mbali na mtandao, ilhali ule wa akaunti hutumika kila siku na huingizwa katika programu nyingi.

Afrika Mashariki inao mfano wake. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, namba ya simu imekuwa jina na pochi kwa pamoja. Laini ikipotea, mwenyewe huenda dukani na kitambulisho, akapewa nyingine. Lakini mlango huohuo hutumiwa na matapeli kuhamisha laini za watu. Mamlaka ya kurejesha ni msaada, na pia ni hatari.

Mitandao mingine imetafuta njia ya kati. Bluesky hutenga kitambulisho cha kudumu na funguo zinazoweza kubadilishwa, na ufunguo wa daraja la juu huweza kubatilisha badiliko ndani ya saa 72. Farcaster husajili akaunti kwa pochi ya Ethereum, lakini machapisho ya kila siku hutiwa saini kwa funguo nyingine.

Hitimisho

Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya na Uganda (2019), Rwanda (2021) na Tanzania (2022) humwezesha mtu kumtaka anayehifadhi taarifa zake azisahihishe au azifute. Katika Nostr hakuna mhifadhi mmoja wa kuwajibishwa. Kishawishi cha watunga sera kitakuwa kudai ufunguo mmoja kwa akaunti na pochi ili kurahisisha usimamizi. Matokeo yake yangekuwa daftari la wazi ambamo maoni ya raia na mapato yake husomwa katika ukurasa mmoja. Lililo bora ni kulinda utengano wa funguo hizo, na kuitaka mitandao ieleze mapema, kwa lugha ya mtumiaji, kitakachotokea ufunguo wake ukipotea.