Taya Lililoota Mgongoni

Agosti 2004, jarida la tiba la The Lancet lilitoa habari za mwanamume wa miaka 56 wa Ujerumani aliyeoteshewa taya mgongoni. Saratani ilikuwa imempotezea sehemu kubwa ya taya la chini miaka minane kabla, na tangu hapo alikuwa akiishi kwa supu na vyakula laini. Kwa kawaida wapasuaji humega mfupa wa nyonga au wa mguu wakauhamishia usoni. Kwake njia hiyo ilikuwa ya hatari, kwa kuwa alikuwa na vali bandia moyoni na akitumia dawa ya kuzuia damu kuganda.

Patrick Warnke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kiel walimpiga picha za kichwa, wakachora kwa kompyuta umbo la taya lililokosekana, kisha wakatengeneza kizimba cha wavu wa titani kulingana na mchoro huo. Wakakijaza vipande vya madini ya mfupa wa ng'ombe, mililita 20 za uboho wa mgonjwa mwenyewe na miligramu 7 za protini iitwayo BMP-7. Kizimba kikapachikwa ndani ya msuli mpana wa mgongo. Baada ya wiki saba kilitolewa pamoja na kipande cha msuli na mishipa yake ya damu, kikaunganishwa usoni. Wiki nne baadaye, mtu huyo alikula mkate na soseji.

Kwa nini mgongoni? Kwa sababu ya damu. Kinywani kuna mate na vijidudu, na mfupa mchanga usiopata damu hauchelewi kufa. Msuli ule ulikuwa shamba lenye maji ya kutosha.

Hata hivyo, mbegu zilikuwa zimepandwa zamani. Mwaka 1965 Marshall Urist, daktari wa mifupa wa Los Angeles, aliondoa madini kwenye mifupa kwa asidi, akaipandikiza katika misuli ya sungura na wanyama wengine. Mfupa mpya ukaota pasipokuwa na mfupa kabla. Urist alihitimisha kwamba kuna protini inayotoa amri, na ndiyo aliyoiita BMP. Jeni zake zilipatikana Marekani mwaka 1988. Mjini Moscow, Alexander Friedenstein alikuwa ameonyesha kwamba ndani ya uboho mna seli zinazoweza kujenga mfupa. Seli za aina hiyo Arnold Caplan alizipa jina la seli shina za mesenkima mwaka 1991, na mwaka 2000 watafiti wa taasisi za afya za taifa za Marekani wakapata seli shina nyingine katika kiini laini cha jino.

Taya la Kiel halikudumu kama lilivyotarajiwa. Wavu wa titani ulivunjika, na mgonjwa akafariki kwa moyo kusimama miezi kadhaa baadaye. Zaidi ya hayo, mtu mmoja aliyepewa uboho, protini na kiunzi kwa pamoja hawezi kuonyesha ni kipi kilichofanya kazi. Shangwe za magazeti zilisahau jambo hilo.

Wafini waliifuata njia hiyo kwa taya la juu, wakitumia seli shina za mafuta ya mwili na msuli wa tumbo. Habari zao zilitoka mwaka 2009. Mwaka huohuo madaktari wa Napoli, Italia, waliripoti kuweka seli za kiini cha jino juu ya sponji ya kolajeni, wakaziba mashimo yaliyoachwa na magego yaliyong'olewa. Kwa Afrika Mashariki suala la kupoteza taya si geni: ameloblastoma, uvimbe usio saratani lakini unaotafuna taya, umechunguzwa kwa miaka mingi na wataalamu wa Muhimbili, Dar es Salaam, na tiba yake mara nyingi ni kukata kipande kizima cha mfupa.

Mwaka 2016 timu ya Gordana Vunjak-Novakovic wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilijaribu kwa nguruwe wadogo. Walichukua mfupa wa ng'ombe uliosafishwa seli zote, wakauchonga kwa umbo la taya la kila mnyama, wakaupanda seli shina za mafuta ya mnyama huyohuyo na kuulea katika chombo maalumu kabla ya kuupandikiza. Miezi sita baadaye ulikuwa umeshikamana na taya na kuotesha mfupa mwingi kuliko viunzi vitupu visivyopandwa seli.