Usingizi na Joto la Mwili

Hapa Itigi, katika miezi ya kipupwe, usiku huwa na baridi kali. Jioni wazee hukaa motoni wakainyoosha miguu yao penye makaa, na baada ya kitambo usingizi huwachukua. Tena twaona ya kuwa mtu alindaye usiku, ijapokuwa aweza kukesha vema hata saa sita, ifikapo saa kumi macho humlemea. Twamjua mtu mmoja aliyefukuzwa katika kazi ya ulinzi kwa sababu alisinzia saa hiyo, naye akaitwa mvivu. Je, hukumu ile ilikuwa ya haki? Na tuangalie habari za wale waliolichunguza jambo hili.

Mwaka 1868 Carl Wunderlich, mganga wa Leipzig katika nchi ya Ujerumani, alitoa kitabu juu ya joto la mwili. Alikuwa amepima maelfu ya watu kwa kipimajoto, akasema ya kuwa joto la mtu mwenye afya ni kadiri ya digrii 37. Lakini aliona pia ya kuwa joto hilo halisimami mahali pamoja: jioni hupanda, na usiku hushuka.

Labda mtu atasema, mwili hupoa kwa kuwa jua limetua. Basi mwaka 1938 Nathaniel Kleitman, mwalimu wa chuo kikuu cha Chicago, aliingia katika pango la Mammoth huko Marekani pamoja na mwanafunzi wake, Bruce Richardson, wakakaa humo siku 32. Humo hamna jua, wala baridi ya pango haibadiliki mchana na usiku. Wakajiwekea siku ya saa 28 badala ya saa 24. Mwili wa Richardson, aliyekuwa kijana, uliizoea desturi hiyo. Wa Kleitman ulikataa kabisa. Joto lake liliendelea kupanda na kushuka kwa kadiri ya saa 24. Ndipo ilipoonekana ya kuwa mwili una saa yake ndani, ambayo haiendeshwi na jua peke yake.

Mwaka 1999 wataalamu wa Basel, katika nchi ya Uswisi, walionyesha ya kuwa mtu ambaye mikono na miguu yake imepata joto hulala upesi. Sababu ni hii: mishipa ya viungo hivyo hufunguka, damu huleta joto la ndani mpaka kwenye ngozi, nalo hutoka nje, hivyo kifua na kichwa hupoa, na usingizi huja. Kumbe wazee wetu, wakiota moto miguuni, waupoza mwili kwa ndani!

Tena mwaka 2015 zilitangazwa habari za majirani zetu Wahadzabe, wakaao pande za Ziwa Eyasi. Walichunguzwa pamoja na Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wasiotumia taa za umeme. Ilionekana ya kuwa hawalali mara jua likitua, bali kadiri ya saa tatu na zaidi baadaye. Walala wakati hewa inapozidi kupoa, na wengi huamka kabla ya jua kuchomoza, wakati baridi inapofikia ukomo wake.

Basi turudi kwa mlinzi wetu. Saa kumi na saa kumi na moja za usiku ndizo saa ambazo joto la mwili huwa dogo kuliko saa zote, na akili nayo huwa nzito. Aliyesinzia hapo alishindwa na jambo lililo katika mwili wa kila mtu, hata wa bwana wake. Hatusemi ya kuwa mlinzi asikemewe. Bali twasema, mwenye kuajiri na aweke watu wawili wapokezane, amwachishe wa kwanza kabla ya saa kumi. Kufanya hivyo kutalinda mali kuliko matusi, wala hakutamwita mvivu mtu asiye mvivu.