Uovu Unapotafutiwa Mwenyewe

Kamchape, wasaka wachawi, wakiingia kijijini Kasulu au Kibondo hawaulizi uovu ni nini. Wanauliza uko kwa nani. Wanakijiji wamekwisha kuchangishana fedha za kuwaita, na msako unakwenda nyumba kwa nyumba: vinafukuliwa vibuyu, pembe, vifurushi vya dawa. Mwenye nyumba akishatajwa, mara nyingi mzee, hana tena pa kujitetea. Wapo waliochomewa nyumba. Serikali mkoani Kigoma imewapiga marufuku kamchape si mara moja, nao hurudi, kwa sababu mtoto wa mtu amekufa na mzazi anataka kujua kilichomuua.

Jina lenyewe limetoka mbali. Kwa Kinyanja cha Malawi, kuchapa ni kufua. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 vijana walioitwa mchape walitoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, wakavuka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, wakiwapanga watu mstari, wakiwatazama kwa kioo na kuwanywesha dawa ya kuwafua uchawi. Mwanaanthropolojia Audrey Richards aliwakuta huko, kwa Wabemba. Akisaidiwa na wenyeji, alichambua lundo la pembe zaidi ya 100 zilizosalimishwa. Ni 11 tu zilizoonekana kuwa za kudhuru. Zilizobaki zilikuwa dawa za kawaida ambazo nyumba yoyote ingekuwa nazo. Mwaka 1963 na 1964 vuguvugu hilo lilizuka Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, sasa kwa jina la kamchape, jina linalotumika leo hata Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma.

Pembe hizo 11 hunipeleka kwa Wagiriki wa kale. Neno lao pharmakon lilibeba tiba na sumu kwa pamoja, kama dawa yetu: dawa ya homa, dawa ya panya. Mtu aliyetwishwa uovu wa mji mzima aliitwa pharmakos. Athene, katika sikukuu ya Thargelia, watu wawili wanyonge walifukuzwa ili mji utakasike. Mapokeo yanasema Socrates alizaliwa siku hiyohiyo ya utakaso.

Ndiye aliyegeuza swali. Kwake, hakuna atendaye uovu kwa kutaka. Atendaye hakulijua lililo jema, na dawa yake ni kufundishwa. Aristotle alimpinga: yuko mtu anayelijua lililo jema, na bado anashindwa na tamaa yake. Mimi namwamini Aristotle zaidi. Lakini wote wawili waliutafuta uovu ndani ya mtendaji na tendo lake. Mji haukuwasikiliza. Mwaka 399 kabla ya Kristo Socrates, mzee wa miaka 70, alishtakiwa kuwaharibu vijana, akanyweshwa pharmakon.

Mwanafunzi wake Plato aliandika kwamba Mungu ni chanzo cha mema tu, na kwamba sababu ya mabaya itafutwe kwingine. Wazee wa Kiha wangemwelewa upesi. Imana ndiye mtoa uhai, na jina Hakizimana linasema kuwa Imana ndiye aponyaye. Hatari imo katika neno hilo, "kwingine". Plato aliitafuta sababu hiyo katika uchaguzi wa nafsi ya mtu mwenyewe. Kijijini inaangukia ua wa jirani.

Na majirani waliongezeka kwa ghafla. Waha waliishi kwa kutawanyika, kila kaya na migomba yake, hadi Operesheni Kigoma ya 1972 ilipowakusanya katika vijiji. Zamani aliyemhofia mwenzake aliweza kuhamia kilima kingine. Kijijini walipakana mlango kwa mlango, msiba wa huyu ukisikika kwa yule usiku uleule, na naamini hofu nyingi tunazoziona leo zilikulia hapo.

Sheria ya Uchawi ya 1928, ambayo bado ipo kama Sura ya 18, inakataza kumtangaza mwenzako kuwa mchawi. Sheria hiyohiyo ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mshukiwa akaishi mahali pengine, akiridhika kwamba uchawi wake unaleta hofu. Wenye hofu wanabaki; anayeogopwa ndiye anayehama.

Wengi hawangoji amri. Mzee anayefunga mkeka wake alfajiri na kushika njia ya kwa binti yake, wilaya nyingine, hajaulizwa hata na mmoja amefanya nini.