Mwanamaji si baharia tu

Jeshi la Kenya, KDF, linapoandikisha makurutu Kaunti ya Nyamira, vijana hukimbizwa uwanjani, kisha hukaguliwa meno na nyayo. Anayefaulu huweza kuishia katika kambi ya Mtongwe, Mombasa, mbali na mashamba ya chai, akawa mwanamaji.

Baharia hutumika chomboni, hata kiwe jahazi la mizigo. Mwanamaji ni askari. “Mwana” hapa si mtoto bali mhusika, kama katika mwanajeshi na mwanahewa.

Na komando, askari wa uvamizi, je? Neno hilo lilitoka kwa Makaburu wa Afrika Kusini; Waingereza wakakipa kikosi chao cha uvamizi jina hilo mwaka 1940.

Majina haya yasichanganywe: Septemba 28, 2012, kabla ya mapambazuko, wanajeshi wa Kenya walishuka ufukweni Kismayu, Somalia, kuling’oa kundi la Al-Shabaab. Wahariri, waliowafikisha pale kwa manowari waiteni wanamaji.