Impatiens walleriana

Impatiens walleriana ni mmea wa maua wa familia ya Balsaminaceae, wenye asili ya Afrika ya Mashariki kuanzia Kenya na Tanzania hadi Malawi na Msumbiji, unaoota katika kivuli cha misitu na kandokando ya vijito. Katika nchi za baridi hupandwa bustanini kama mmea wa mwaka, yaani unaoota, kuchanua na kufa katika msimu mmoja, kwa kuwa jalidi huuangamiza. Lakini kwao ni mmea wa kudumu, mradi unyevu usikatike.

Shina lake ni teketeke, limejaa maji, na kwa kawaida hufikia kimo cha sentimita 30 hadi 60. Ua lina petali tano, na nyuma yake hutokeza mrija mwembamba uliopinda wenye nekta, yaani maji matamu yanayofikiwa na vipepeo. Tunda lililokomaa hupasuka likiguswa, kuta zake zikajikunja na kurusha mbegu mbali.

Hitaji la unyevu usiokatika huamua mahali mmea unapoweza kustawi. Kwa mfano, kusini mwa Tanzania, juu ya uwanda wa Makonde upande wa Newala, udongo wa kichanga hupitisha mvua upesi na kiangazi ni kirefu, hivyo mazingira yanayoufaa ni mabonde na miteremko yenye chemchemi. Katika eneo jirani la Nanganga, ni kingo zenye kivuli za mto Lukuledi.

Mtaalamu wa mimea Joseph Dalton Hooker aliuainisha mwaka 1868 na kuuita kwa heshima ya Horace Waller, aliyekuwa katika bonde la mto Shire na misheni ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa). Mimea iliyopelekwa Uingereza kutoka Zanzibar na John Kirk, konseli wa Uingereza huko, iliitwa Impatiens sultani mwaka 1882, kwa heshima ya Sultani Barghash. Baadaye ilipobainika kuwa ni spishi moja, jina lililotangulia ndilo lililobaki.

Adui wake mkubwa bustanini ni ugonjwa wa ubwiri unyoya, unaosababishwa na Plasmopara obducens, ambao huacha utando mweupe chini ya majani hadi yakapukutika. Ugonjwa huo ni tofauti na ubwiri unga wanaoujua wakulima wa korosho wa Newala na wilaya jirani ya Masasi, kwani vimelea vya magonjwa hayo mawili havina undugu.